Risasi ya Bei Poa, Lakini Nani Analipa Bili?

Tuanze na lugha. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile kitu inatoka kwa mtutu wa bunduki, na risasi pia ni ile metali nzito na laini iko ndani ya betri ya gari. Haikutokea tu hivyo. Kwa miaka mingi kitu kimoja kimetengenezwa na kingine, na hapo ndipo niko na maneno leo.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo wengi wetu tunaujua kupitia video za Marekani na stori za mabinamu walioko Minnesota au Texas. Huko mtu wa kawaida anaweza kumiliki bunduki ya kuwindia, alipie kibali, na ajaze friza nyama ya kulungu kabla baridi ishike. Sina shida na hiyo, mtu anatafutia familia yake. Shida yangu ni ule ushauri wa haraka kwa mwindaji mpya: beba sanduku la bei ya chini kabisa, bora tu liingie kwa bunduki yako.

Sasa, kuna usalama ambao hauna mjadala. Kaliba iliyoandikwa kwa mtutu lazima ilingane na ile imeandikwa kwa sanduku. .308 Winchester si .30-06, hata kama vichwa vya risasi vina upana sawa. Ukichanganya hizo mbili, unacheza na uso wako. Risasi zilizojazwa upya na mtu humjui, achana nazo. Zile za mtindo wa kijeshi, zimefunikwa metali ngumu kote, ziko sawa kwa mazoezi na mara nyingi bei iko chini. Lakini kwa mnyama zinapita moja kwa moja bila kufunguka. Kulungu anakimbia na kidonda, anaenda kufia mbali kwa maumivu. Majimbo kadhaa ya Marekani yanazikataza kwa uwindaji wa kulungu, na ni haki.

Hadi hapo wawindaji wengi wanakubaliana. Ubishi unaanzia kwa risasi ya kawaida ya kuwindia, ile ina kiini cha madini ya risasi. Ikigonga mnyama kwa kasi ya kama mita 800 kwa sekunde, inavunjika vipande vidogo sana, vingine hata macho hayawezi kuona. Mwaka wa 2008 idara ya maliasili ya Minnesota ilijaribu hii kitu kwa mizoga ya kondoo, na vipande vingine vikapatikana zaidi ya sentimita 30 kutoka kwa kidonda. Kwa hivyo kusema "nitakata tu pale palipoharibika" haitoshi.

Mwaka huo huo, jimbo jirani la North Dakota, daktari mmoja alipiga skani paketi karibu 100 za nyama ya kulungu ya kusaga. Zaidi ya nusu zilikuwa na vipande vya metali. Na hizi hazikuwa nyama za mwindaji mwenyewe. Zilikuwa zimetolewa msaada kwa vituo vya kugawia chakula watu wasio na uwezo. Uliza polepole: nani aliokoa pesa, na nani aliletewa bili? Mwindaji alipata risasi ya bei poa. Mama anayepanga foleni ya msaada akapelekea watoto wake nyama yenye sumu, na hakuna mtu alimuuliza.

Nitakuwa mkweli: utafiti wa serikali uliofuata uliwapata walaji wa nyama ya porini na madini ya risasi kwa damu zaidi kidogo kuliko wasiokula. Si kiwango cha kukulaza hospitali leo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaumia zaidi. Hiyo "kidogo" huwezi kuirudisha.

Sisi Wakenya hatufai kuelezwa hii mara mbili. Tunajua Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu, mtaa ukavuta moshi na kunywa maji yake. Phyllis Omido na wakaazi walipigana miaka na miaka, mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo Desemba 2024. Ukubwa wa jambo si sawa, naelewa. Lakini hesabu inafanana: mtu mmoja anafanya kitu kwa gharama ya chini, mwingine anabeba sumu.

Na si ati hakuna mbadala. Kuna risasi za shaba tupu. Zinafunguka kama ua, haziachi vumbi la sumu, zinaua haraka. California imelazimisha wawindaji watumie risasi zisizo na hayo madini tangu Julai 2019, sababu kubwa ikiwa tai wao wakubwa, condor, waliokuwa wanakufa kwa kula mabaki ya wanyama waliopigwa. Denmark nayo ilipiga marufuku za bunduki mwaka wa 2024.

"Lakini shaba ni ghali!" Ndiyo, na si kila duka linayo. Mtu wa kijijini mwenye mfuko mwepesi ana haki ya kulalamika. Ila tupige hesabu vizuri. Mara nyingi tofauti ni kama dola 1 au 2 kwa risasi moja. Kulungu mmoja anaangushwa na risasi moja au mbili, na anatoa nyama ya wiki nyingi. Mazoezi mengi fanya na zile za bei nafuu. Kisha, kwa sababu shaba ni nyepesi na haipigi mahali pamoja na zile zingine, pima shabaha upya na zile za shaba kabla ya kuingia msituni. Sanduku moja la 20 linaweza kukupeleka misimu kadhaa.

Hii haihusu Marekani peke yake. Hapo jirani Tanzania uwindaji wa kibali upo na bucha za nyamapori zimeruhusiwa. Mteja wa bucha ana haki ya kuuliza mnyama alipigwa na nini.

Kama uko na binamu anayewinda, mtumie hii. Usimtukane. Muulize tu swali moja: hiyo nyama unagawia nani?