Boti ya rimoti isizimikie katikati ya lambo

Mvua za Dodoma huanza kushika karibu na likizo ya Desemba. Malambo yaliyokauka hujaa tena, na mtoto aliyeona boti za rimoti kwenye simu huanza kumsumbua mzazi kwamba naye anataka ya kwake. Kuitengeneza pamoja ni kazi nzuri ya likizo. Dumu la lita 5 lililokatwa ubavuni linatosha kuwa bodi. Kinacholeta matatizo ni mota, pangaboi la kusukuma maji na betri. Watu huchagua kila kimoja peke yake, wakati vitatu hivi hufanya kazi kama familia moja.

Kosa la kwanza huwa kwenye mota. Mtoto atasema, "Baba, tuweke ile ya drili, ina nguvu." Ni kweli ina nguvu, lakini inaweza kumaliza betri ndogo kwa dakika chache. Mota hula umeme kulingana na mzigo inaobeba, na kwenye boti mzigo huo ni pangaboi. Kwa mzunguko uleule, pangaboi la milimita 40 hudai nguvu zaidi ya mara nne ya lile la milimita 30 lenye umbo lilelile. Tofauti ni milimita 10 tu, lakini inatosha kuunguza mota ndogo na kuyeyusha ngozi ya waya.

Kama pangaboi limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota bila gia, lisizidi upana wa mota yenyewe. Mota ya milimita 28 ianze na pangaboi la 25. Boti ikienda vizuri na mota ikabaki vuguvugu, unaweza kupanda kidogo. Mota isiyoshikika kwa mkono baada ya dakika tano inaomba pangaboi dogo zaidi.

Kwa familia inayoanza, betri iliyo rahisi kupata ni ile nzito iliyofungwa ya volti 6, inayotumika kwenye taa za kuchaji. Yenye ampea-saa 4.5 ina karibu robo tatu ya kilo. Uzito huo si hasara ukiilaza chini, katikati ya bodi, kwa sababu boti haitapinduka ovyo. Kumbuka tu kwamba boti yenye kilo 2 lazima isukume lita 2 za maji ndipo ielee, kwa hiyo usichague dumu dogo mno.

Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu, lakini zinataka nidhamu. Zichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima akiwa macho. Usichaji usiku watu wamelala, na usiiache ndani ya gari kwenye jua. Betri iliyovimba, au iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu bila kupimwa na fundi, si ya mtoto.

Kabla ya kwenda lamboni, pima nyumbani. Weka boti kwenye beseni la maji, ishike, washa mota, kisha fundi redio wa mtaani apime umeme unaopita. Mita ikisoma ampea 3, betri ya 4.5 kwa hesabu ya daftari ingetoa saa moja na nusu. Betri ya aina hii haitoi yote ikivutwa kwa kasi, hivyo panga saa moja. Weka pia fyuzi ya ampea 5, maana majani yakizonga pangaboi mota husimama huku ikiendelea kunywa umeme. Boti ikirudi nyuma badala ya kwenda mbele, badilisha nyaya mbili za mota.

Hesabu hizi zina sababu kubwa kuliko boti yenyewe. Betri ikiisha katikati ya maji, mtoto hatasubiri. Atavua viatu aifuate. Lambo halionyeshi kina chake, tope la chini hushika miguu, na maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Mtera ni hatari zaidi, kwani kuna viboko na mamba.

Kwa hiyo siku za mwanzo boti ifungwe uzi wa kuvulia samaki, uzi ukae nyuma mbali na pangaboi, na mtu mzima awepo ukingoni tangu mwanzo hadi mwisho. Nusu ya muda uliopangwa ikifika, boti irudi. Na mtoto aambiwe mapema, kabla hajashika rimoti, kwamba boti ikikwama hakuna anayeingia majini. Nyingine itatengenezwa.