Menyu kwa Asiyesoma

Anayetumia M-Pesa kwa simu ya kitochi nchini Tanzania hupiga *150*00#, kisha huletewa orodha ya maandishi yenye namba pembeni. Asiyejua kusoma hukariri mfuatano: bonyeza hii, kisha ile, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Tarakimu hazimpi shida, maana amezizoea kwenye noti na nauli. Shida huanza kampuni ya simu inapoipanga menyu upya, au jibu lisilotarajiwa linapotokea kwenye kioo. Hapo simu hukabidhiwa wakala au mjukuu, mara nyingi pamoja na namba ya siri yenyewe.

Wabunifu wa programu hukimbilia picha. Katika utafiti wa Indrani Medhi na wenzake wa Microsoft Research huko Bangalore, India, watu wasiosoma walizimudu zaidi picha zilizoambatana na sauti kuliko menyu ya maandishi, lakini menyu zenye ngazi nyingi ziliwatatiza vilevile. Picha nayo hufundishwa. Mchoro wa nyumba wenye maana ya kurudi mwanzo haumwambii chochote mtu ambaye hajawahi kuambiwa, na kwake nyumba ni nyumba tu.

Sauti ina nguvu zaidi. Machi 2022 India ilizindua UPI 123PAY, inayowawezesha wenye simu za kawaida kulipa kwa kupiga simu na kufuata maelekezo wanayoyasikia. Lakini sauti haina siri: salio likitamkwa kwa spika ndani ya daladala, abiria wa jirani wamelisikia. Isitoshe, Kiswahili sanifu cha haraka hakimtoshi kila mzee wa Usukumani au Umasaini.

Kwa hiyo si lazima menyu nzima izungumze. Penye hatari kubwa ni hatua moja: kabla fedha hazijatoka, jina la mpokeaji huandikwa kwenye kioo ili mtumaji alihakiki. Kinga hiyo inamlinda msomaji peke yake; asiyesoma hubonyeza kukubali bila kujua amekubali nini. Simu fupi ya kutaja jina na kiasi, kwa lugha aliyoichagua mteja wakati wa kusajiliwa, ingeziba pengo hilo. Gharama yake isibebwe na mteja. Benki Kuu ya Tanzania, inayotoa leseni za huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, inaweza kuifanya simu hiyo kuwa sharti.