Tungoje Mizinga Ndipo Tupige Picha?

Hapa Kakamega pana mkahawa mmoja karibu na soko ambamo mimi hupenda kuketi baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa kwetu pwani na kahawa yake ina tangawizi. Ukutani ametundika picha kuukuu ya Unguja. Majuzi kijana mmoja wa hapa aliitazama akaniuliza, "Mzee, hapa palipita tetemeko?"

Nikamjibu, "La, mwanangu. Palipita manowari za Kiingereza."

Picha hiyo ni ya mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid bin Barghash akashika jumba bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza kulia. Dakika arubaini hazikutimia, vita vimekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid wameuawa au kujeruhiwa.

Sidhani kama aliyepiga picha ile alitutakia mema. Lakini leo ni shahidi wetu. Yaonyesha Beit al-Hukm ilivyobomoka, na mbele ya Beit al-Ajaib mnara wa taa uliotobolewa na mizinga. Mwaka 1897 ndipo mnara wa saa ulipowekwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Bila ya picha, mtoto wa leo angedhani Sayyid Barghash aliijenga hivyo tangu 1883.

Na jambo la kusikitisha ni hili: mizinga haikuiangusha Beit al-Ajaib. Iliangukia mikononi mwetu, wakati wa amani. Ilichakaa miaka mingi, hata tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa katika kuitengeneza, mnara na sehemu ya mbele vikaporomoka na watu wawili wakafa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuutazame mji huu ninaokaa. Makao ya serikali yalihamishiwa hapa kutoka Mumias mwaka 1920, na dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 wageni wakamiminika. Huko Mumias ndiko misafara ya wazee wetu wa pwani ilikotua, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Basi historia hii ni yetu pia. Lakini maduka ya zamani yenye baraza na paa za mabati yabomolewa moja moja, wala simwoni mtu akiinua kamera. Kwa kuwa hapana moshi wala maiti, hakuna anayeona kuna la kupigwa picha.

Wapo watakaosema kwamba watu wahitaji maduka mapya. Sikatai. Anayejenga na ajenge. Ninaloomba ni dogo: kabla ya kubomoa, piga picha; kisha andika mwaka, mtaa na jina la aliyejenga. Kamati za misikiti yetu zingeanza na misikiti yenyewe, maana nayo yabomolewa ipanuliwe, na sura ya kwanza yasahauliwa.

Kijana yule akacheka. "Mzee, nani atataka picha ya duka?"

Nikamwambia, "Mwaka 1895 ungaliuliza hivyo hivyo juu ya mnara wa taa."