JIFUNZE UFUNDI: Kisu cha Kukunja, Kimefungwa au Kimeshikwa Tu?

Mwezi huu tutazungumza juu ya chombo kidogo ambacho wengi wetu tunacho mfukoni. Chombo hicho ni kisu cha kukunja. Tunakitumia kukata kamba, kumenya chungwa, kuchonga kijiti na kufungua gunia. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kinavyofanya kazi?

Tuchukue mfano wa mfugaji. Anataka kutoboa tundu katika mshipi wa ngozi. Anafungua kisu chake, anaweka ncha juu ya ngozi, anasukuma. Ngozi ni ngumu. Ncha inakwama, lakini mkono unaendelea kusukuma. Ghafla bapa linajikunja. Makali yanashuka juu ya vidole vilivyoshika mpini. Vidole hivyo ndivyo vinavyokamua maziwa. Ndivyo vinavyoshika jembe, na ndivyo vinavyoshika kalamu.

Je, kisu kilikuwa kibovu? Hapana. Kilikuwa kizima. Lakini hakikuwa na kufuli, na mwenyewe hakujua.

MLANGO NA KOMEO

Fikiri juu ya mlango wa nyumba. Ukiuegemeza jiwe, mlango utasimama. Upepo mdogo hautaufungua. Lakini mbuzi akiusukuma kwa nguvu, jiwe litasogea na mlango utafunguka. Mlango wenye komeo ni tofauti. Haufunguki mpaka komeo liondolewe.

Visu vya kukunja viko hivyo hivyo. Vingine vimeshikwa tu. Vingine vimefungwa. Sasa tuvitazame kimoja kimoja. Sehemu ya bapa iliyo ndani ya mpini tutaiita kitako.

1. KISU CHENYE SPRINGI TU

Katika mgongo wa mpini kuna springi ya chuma. Springi hiyo inakandamiza kitako cha bapa. Kitako kina pande zilizonyooka. Upande ulionyooka ukikutana na springi, bapa linatulia. Ndiyo maana unasikia "tap!" unapokifungua.

Lakini hakuna kitu kinachozuia bapa kurudi. Ukilisukuma kwa nguvu, kona ya kitako inainua springi na bapa linajikunja. Kisu hiki ni kama mlango ulioegemezwa jiwe. Kinafaa kwa kazi nyepesi, kama kumenya matunda na kukata uzi. Usikitumie kutobolea.

2. KISU CHENYE KUFULI YA MGONGONI

Kisu hiki kina kipande kirefu cha chuma mgongoni. Kipande hicho kinacheza juu ya pini, kama mzani. Upande mmoja ukishuka, upande wa pili unapanda. Mwisho wake wa mbele una jino. Kitako cha bapa kina pengo.

Bapa likifunguka lote, jino linaingia katika pengo. Sasa bapa haliwezi kurudi. Ili kulikunja, bonyeza upande wa nyuma wa kile kipande. Jino litapanda na kutoka katika pengo. Hili ni komeo la kweli.

3. KISU CHENYE MENO NA PETE

Mfano wa kisu hiki ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo.

Kitako cha bapa lake kina meno. Springi ya mgongoni ina tundu. Unapofungua, meno yanapita chini ya springi moja baada ya jingine, nawe unasikia "ka-ka-ka". Jino likiingia katika tundu, bapa haliwezi kurudi. Kwenye springi kuna pete ndogo. Ukiivuta pete, springi inainuka, meno yanaachiliwa, na bapa linakunjika.

4. KISU CHENYE PETE YA KUZUNGUKA

Mwaka 1890 fundi Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyenye mpini wa mti huko Savoie, Ufaransa. Mwanzoni visu hivyo havikuwa na kufuli. Mwaka 1955 viliongezewa pete ya chuma kwenye shingo ya mpini. Pete hiyo ina mwanya.

Mwanya ukiwa sawa na mfereji wa mpini, bapa linapita. Ukiizungusha pete, chuma chake kinaziba mfereji. Basi bapa halina njia ya kurudi. Lakini kumbuka: pete hii haijifungi yenyewe. Usipoizungusha, kisu hakikufungwa.

5. KISU CHENYE KIBATI CHA NDANI

Ndani ya mpini kuna kibati chembamba cha chuma kilichopindwa kidogo. Bapa likifunguka, kibati kinaruka upande na kusimama nyuma ya kitako. Kinazuia kama gogo nyuma ya mlango. Fundi Michael Walker wa Marekani aliiendeleza aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ili kukunja, sukuma kibati pembeni kwa kidole gumba. Hapa ndipo penye hatari. Kidole chako kiko katika njia ya bapa. Likianza kukunjika kidogo, ondoa kidole kwanza, ndipo ulikunje lote.

KWA NINI KUFULI HUSHINDWA?

Kufuli njema inaweza kuharibika. Mchanga, utomvu wa ndizi na mabaki ya chakula vikijaa katika pengo, jino haliingii sawasawa. Kutu inazuia springi kucheza. Pini ikilika, bapa linayumba.

Kwa hiyo fanya hivi:

(a) Safisha ndani ya mpini kwa kijiti na kitambaa.
(b) Kisu kikilowa, kikaushe siku hiyo hiyo.
(c) Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini.
(d) Pima kufuli kabla ya kazi. Fungua kisu. Shika mpini ubavuni, vidole vikiwa mbali na mfereji. Kandamiza mgongo wa bapa polepole juu ya ubao. Usiupige. Bapa likisogea, usikitumie kisu hicho mpaka fundi akitazame.

Hata kufuli ikiwa nzima, usiiamini kupita kiasi. Kwa kazi nzito, kama kupasua mti au kuchinja, tumia panga au kisu kisichokunjika. Kisu hicho hakina kiungo cha kushindwa.

UKIJIKATA

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, majivu wala samadi. Jeraha likiwa la kina, au kidole kikifa ganzi au kikishindwa kukunjika, nenda zahanati upesi. Muulize mganga juu ya sindano ya kuzuia pepopunda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na kisu cha shambani hugusa vyote viwili.

Ndugu msomaji, leo jioni toa kisu chako mfukoni. Kifungue polepole, ukitazame mgongoni na ndani ya mpini. Kisha waonyeshe watoto nyumbani. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya kisu kilichofungwa na kisu kilichoshikwa tu?
2. Kisu chako ni cha aina gani kati ya hizi tano?
3. Kwa nini pengo la kufuli lisafishwe?
4. Kwa nini usitie udongo katika jeraha?