Nani Atalipia Tiba ya Maskini wa Marekani?

Yapo mambo ya Marekani ambayo hufanywa kimya kimya ndani ya vitabu vya hesabu, na matokeo yake yakaonekana mlangoni pa hospitali. Mojawapo ni namna majimbo yanavyopanga bajeti zao ili kuvuta fedha zaidi kutoka Washington kwa ajili ya Medicaid, yaani bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo.

Bima hiyo iliundwa mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, kwa masharti ya ubia. Jimbo likitumia fedha, Serikali ya Shirikisho nayo hutoa sehemu yake, isiyopungua nusu ya gharama. Kwa jimbo maskini kama Mississippi sehemu hiyo hupita robo tatu. Bali jimbo lisilo na fungu la kutanguliza halipati kitu. Na kwa kuwa karibu majimbo yote hukatazwa na sheria zao kupitisha bajeti yenye pengo, fungu hilo hugombewa na shule, barabara na magereza.

Hapo ndipo ulipozaliwa ujanja wa kodi ya hospitali. Jimbo lenye ubia wa nusu kwa nusu likikusanya dola 100 kutoka hospitali zake, hupata dola 100 nyingine za Shirikisho, kisha huzilipa hospitali zile zile dola 200 kwa kuwatibu wagonjwa wa Medicaid. Mfuko wa jimbo haukuguswa. Haishangazi basi kwamba katika majimbo yote 50 ni Alaska peke yake isiyowatoza watoa huduma kodi ya namna hii.

Wakosoaji huita jambo hili ulaghai, na hoja yao si tupu. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lililazimika kuliwekea mipaka. Katika California, sehemu kubwa ya mapato ya kodi inayotozwa mashirika ya bima ilitumika kuziba pengo la bajeti ya jimbo, hata wapiga kura wakaamua Novemba 2024 kwamba fedha hizo zielekezwe kwenye matibabu. Fedha iliyoombwa kwa jina la mgonjwa na kutumiwa kwingine ni aibu, hata kama kila karatasi ina mhuri.

Lakini ni nani aliyeyasukuma majimbo huko? Malipo ya Medicaid kwa waganga ni madogo mno, kwa kawaida chini ya yale ya Medicare, bima ya wazee, na chini zaidi ya yale ya bima za watu binafsi. Waganga wengi hukataa kuwapokea wagonjwa wapya wa bima hii. Mama mjamzito hupewa kadi, akatafuta mganga, akaambiwa hakuna nafasi. Kadi ya namna hiyo ina faida gani kwake? Kodi ya hospitali, pamoja na ila zake zote, ndiyo iliyoyawezesha majimbo mengi kuyainua malipo hayo.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Trump tarehe 4 Julai 2025 imezuia kodi mpya za aina hii. Kwa majimbo yaliyokubali kuipanua Medicaid, ukomo wa asilimia 6 ya mapato ya hospitali utashushwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka wa fedha wa 2028, hadi asilimia 3.5 mwaka 2032. Nyumba za kutunzia wazee zimesamehewa. Sheria hiyo hiyo imeendeleza nafuu za kodi za mwaka 2017, ambazo wenye mali ndio waliozifaidi zaidi. Kwa hospitali za vijijini kumetengwa mfuko wa dola bilioni 50 kwa miaka mitano. Hicho ni kifuta jasho tu.

Kama ujanja wa majimbo ulikuwa mbaya, dawa yake ilikuwa Washington kuongeza sehemu yake waziwazi, malipo ya mganga yasitegemee werevu wa mhasibu. Hilo halikufanyika. Kilichofanyika ni kuondoa mkongojo kabla mguu haujapona. Wabunge wa majimbo watakapoketi kuandika bajeti hizo watalazimika ama kupandisha kodi nyingine, jambo wanaloliogopa, ama kupunguza malipo ya hospitali. Na hospitali ndogo ya kijijini ikipunguziwa, wodi ya wazazi huwa miongoni mwa zinazofungwa mwanzo.