Miaka Mitano Si Sita

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama wa mjini, tuseme wazi. Kila Septemba tunaona baba akimvuta mtoto wa miaka 5 mpaka masomo, na akiulizwa umri anajibu: sita. Anafikiri amempatia mtoto wake mwaka mmoja bure.

Katika Kongo masomo ya msingi huanza na miaka 6. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipwi, na kalasi zimejaa. Mwalimu hana nafasi ya kumngojea mdogo. Huyo mdogo anakaa na wenzake waliomzidi mwaka mzima. Kwetu sisi wakubwa mwaka si kitu. Kwake ni sehemu ya tano ya maisha yake yote! Vidole havijazoea kalamu, na mwalimu anasema: mjinga. Anarudia kalasi, na jina lile linamfuata. Wataalamu waliopima jambo hili katika nchi nyingi wameona wadogo wa kalasi wanapata alama za chini, ingawa tofauti inapungua wakikua.

Wazee wetu walipimwa kwa mkono juu ya kichwa: ukishika sikio la upande wa pili, ingia. Tulikicheka kipimo kile, lakini kiliutazama mwili wa mtoto, si haraka ya baba.

Watoto wa Finland huingia kalasi ya kwanza mwaka wanapofikisha miaka 7, wala hawako nyuma.

Basi tunaomba walimu waandike mwezi wa kuzaliwa kando ya jina, na wautazame kabla ya kumrudisha mtoto kalasi. Na baba asimdanganye karani. Sisi makarani tunasoma vyeti.