Kama Kazi Ni Kuuza Tembe Tu, Si Wangeweka Mashine?

Wasee, leo naongea serious kidogo, mnivumilie. Mtu wa kemisti akikataa kukuuzia dawa, acha kununa. Kukataa ni sehemu ya kazi yake, na pengine ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Mnajua vile huwa. Unaingia, unaweka soo kwa kaunta, unasema, "Nipe antibiotiki za soo." Kama mtu ananunua njugu. Akikuuliza ni za nini, unajibu, "We nipe tu." Akikuambia hizo zinahitaji karatasi ya daktari, unasonya, unavuka barabara, unaingia kemisti ya pili. Huyo wa pili anakupa bila swali hata moja, na unatoka ukimsifu ati ndiye anajua kazi. Zii. Wa kwanza ndiye alikuwa anafanya kazi. Wa pili amechukua soo yako tu.

Nina binamu yangu ana diploma ya famasia, anafanya kwa kemisti moja hapa Nairobi. Nimekaa naye jioni nyingi nikimngoja afunge. Kabla ya hapo, mimi pia nilidhani kazi ni kusoma jina, kutoa boksi kwa rafu, kurudisha chenji. Hebu niwaambie kile huyu msichana hufanya kwa hiyo dakika moja mnamwona kama anawachelewesha.

Karatasi ya daktari ikifika, anaangalia jina na umri. Anaangalia kama hiyo dawa inaingiana na ugonjwa ulioandikwa. Anaangalia kama dawa mbili kwenye karatasi hiyo hiyo zinagombana. Kama ni mtoto, anauliza kilo, kwa sababu mtoto wa kilo 8 na wa kilo 15 hawapewi kipimo kimoja, hata kama wote mnawaita "mtoto mdogo". Kama ni ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, anakuonyesha mstari wa kwa chupa, anakuambia uitikise kabla ya kila kipimo na uitupe baada ya siku ngapi. Mtu akiuliza kuhusu vidonda vya tumbo kabla hajakupa dawa kali ya maumivu kama Brufen, si udaku. Hizo dawa zinaweza kukutoa damu tumboni.

Hapo bado hatujaongea juu ya friji ya insulini, ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Hatujasema kupanga rafu ili dawa zinazokaribia kupitisha tarehe zitoke kwanza, ama kile kitabu cha dawa zinazolevya ambacho kila tembe ikitoka lazima iandikwe. Na hayo yote anayafanya akiwa amesimama tangu asubuhi.

Sasa tuje kwetu vijana. P2. Najua mmetabasamu, lakini sikieni. Ukienda kuinunua, mtu wa kemisti mzuri atakuuliza mambo mawili. La kwanza, imepita muda gani? Kwa sababu hiyo dawa inafaa imezwe ndani ya saa 72, na kila saa unayongoja inapunguza nguvu zake. La pili, kuna dawa nyingine unatumia? Hapa ndipo watu hukasirika, wanaona wanachunguzwa. Lakini kuna dawa za TB, za kifafa, na baadhi ya dawa za HIV ambazo zinaifanya P2 iwe dhaifu mwilini. Ukinyamaza kwa sababu ya aibu, unaweza kwenda nyumbani ukidhani umejilinda, na hujajilinda. Na kama huyo mtu humjui hali yake, kumbuka P2 haizuii HIV hata kidogo. Kuna dawa ya PEP, inapatikana hospitalini, na nayo saa ni hizo hizo 72. Mtu wa kemisti akikutajia hilo, hakuhukumu. Anakuokoa.

Mfano mwingine wa kila siku. Una homa na mafua, unanunua zile tembe za mafua, na juu yake unaongeza Panadol. Tembe nyingi za mafua tayari zina paracetamol ndani, na Panadol ni paracetamol. Mtu mzima hafai kupitisha tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na hapo ukichanganya bila kuhesabu unaweza kupita bila hata kujua. Anayeumia ni ini, na ini halipigi kelele mapema. Swali la "umemeza nini leo?" lipo kwa sababu hiyo.

Alafu ile bahasha ndogo imeandikwa 1×3. Wengi wetu tunameza ya asubuhi na chai, ya mchana na lunch, ya jioni na supper, basi. Kwa antibiotiki kama amoxicillin, 1×3 maana yake ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na umeze siku zote ulizoambiwa. Ukiacha siku ya pili kwa sababu umeskia poa, na zilizobaki ukampea roommate mwenye mafua, mmeharibu mara mbili. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziguzi virusi. Bakteria nao wanazidi kuzoea dawa. Siku utakayohitaji hiyo dawa kabisa kabisa, unaweza kupata haifanyi.

Najua mtu ameshaanza kusema, "Wewe unaongea tu, daktari ni pesa." Ni kweli, na sitawadanganya. Kumwona daktari wa kibinafsi ni doh ambayo wengi hatuna, na foleni ya hospitali ya umma inaweza kukula siku nzima ya kibarua. Kwa mitaa mingi, mtu wa kemisti ndiye mhudumu wa afya wa pekee unayeweza kumwona saa mbili usiku bila kulipia kumwona. Lakini hiyo ndiyo sababu yangu hasa. Kama yeye ndiye daktari wa karibu uliye naye, mbona unamkataza kuuliza? Ushauri unapewa bure, na wewe unaukimbia ukitafuta wa kukuuzia kimya kimya.

Nao hawana usafi wote. Kuna wale wa kupiga kelele, "NI P2 ULISEMA?" na nyuma yako kuna mama wa kanisa lenu. Hiyo ni tabia mbaya, na ukifanyiwa una haki ya kulalamika. Kuna wenye maduka pia ambao hupima mfanyakazi kwa mauzo peke yake. Ukimwambia mtu atafokewa kila mteja akitoka mikono mitupu, umemwambia asikatae. Siku moja atampa mtu kitu ambacho hakufaa kumpa, na lawama itabaki kwa yule wa kaunta, si kwa bosi.

Na hapa nina neno kwa wale mnatafuta kazi. Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo siwezi kusimama hapa kuabudu vyeti. Video haziui mtu nikikosea kuedit. Dawa inaua. Ukiambiwa kuna kozi ya miezi michache itakufanya uwe wa kutoa dawa, jua unauziwa hewa. Kenya hii, diploma ya famasia ni miaka 3, digrii ni miaka 5 na bado kuna mwaka wa mafunzo kazini, kisha unasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu na leseni inafanywa upya kila mwaka. Ukiajiriwa uvae koti jeupe bila hayo, msako wa bodi ukifika, mwenye duka anaweza kuwa hata hayupo. Wewe ndiye utapatikana kwa kaunta. Kuna kazi halali ndani ya kemisti, kama kupokea pesa, kupanga stoki na kusafisha. Chukua hiyo, lakini mtu akikuuliza dozi, mwite mwenye leseni.

Kwa hivyo wiki hii ukienda kemisti, fanya hivi. Angalia kama leseni iko ukutani. Ukiulizwa, jibu ukweli, na kama kuna watu, omba muongee kando. Uliza na wewe: naimeza vipi, na chakula ama bila, na kitu gani kikitokea nirudi? Na akikuambia, "Hii siwezi kukuuzia, nenda upimwe kwanza," usivuke barabara. Huyo ndiye wa kurudia.